Wakili Aliyepanda Ulingoni: Laura Serrano na Marufuku ya Mexico City

(Hotuba kwa mabondia, makocha na wanafunzi wa sheria, Nairobi)

Mgeni rasmi, walimu wangu, makocha mliokubali kufunga jimu mapema jioni ya leo, mabondia, nanyi wanafunzi wa sheria mliojazana huko nyuma kana kwamba viti vya mbele vinadai ada: hamjambo?

Niliombwa nizungumzie bingwa mmoja wa kike wa ngumi za kulipwa kutoka Mexico. Nadhani aliyeniomba alimfikiria Yamileth Mercado, na sababu anayo. Wengi wenu mlimwona kwa macho yenu. Septemba 2018 msichana huyo wa Chihuahua alikuja hapa Nairobi kumvaa bingwa wetu wa dunia, Fatuma Zarika, akashindwa kwa pointi, akarudi kwao. Novemba 2019 Zarika akamfuata hukohuko Chihuahua, na mkanda wa kijani wa WBC, baraza la ngumi la dunia, ukabaki huko. Najua wapo humu ndani ambao bado roho inawauma wakikumbuka usiku ule. Mimi ni mmoja wao. Lakini Mercado leo namweka kando kidogo. Nataka kumzungumzia mwanamke aliyetangulia kabla Mercado hajazaliwa, ambaye mkifungua rekodi yake mtaiona fupi na mtauliza kwa nini nimewatoa majumbani. Anaitwa Laura Serrano.

Alizaliwa Oktoba 1967. Alisomea sheria UNAM, chuo kikuu cha taifa kilichoko Mexico City. Anatunga mashairi pia, na mashabiki wakampa jina la La Poeta del Ring, yaani malenga wa ulingoni. Mabondia wengi hupewa majina ya wanyama wakali au ya vyuma. Yeye alipewa jina la kazi ya kalamu, na mtaona mbele kwamba kalamu ilimfaa kuliko ngumi ya kulia.

Tuanze ulingoni. Tarehe 7 Mei 1994, Las Vegas, MGM Grand. Pambano kuu la usiku huo lilikuwa marudiano kati ya Julio César Chávez na Frankie Randall, yule Mmarekani aliyemwonjesha Chávez kipigo chake cha kwanza Januari mwaka uleule. Kwa Wamexico, Chávez akipigana, mitaa inakuwa mitupu. Mwaka mmoja kabla, Februari 1993, watu zaidi ya 130,000 walikuwa wamejaa Estadio Azteca, jijini Mexico City, kumtazama akimtwanga Greg Haugen. Iwekeni akilini picha ya uwanja ule, kwa sababu katika jiji lile lile mwanamke hakuruhusiwa kupanda ulingoni hata mbele ya watu kumi.

Katika mapambano ya utangulizi usiku huo wa Mei alikuwepo Christy Martin, binti wa mchimba makaa wa West Virginia, aliyekuwa amesainiwa na promota Don King mwaka uliotangulia. Nyinyi mlio kwenye mchezo huu mnajua promota anavyofanya kazi. Nyota anayejengwa hutafutiwa mpinzani wa kumpandisha: mtu ambaye hana rekodi, hana kocha mwenye sauti, hana mashabiki ukumbini. Safari hii mpinzani aliyetafutwa alikuwa wakili wa miaka 26 kutoka Mexico, na hilo lilikuwa pambano lake la kwanza kabisa la kulipwa. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa kwa Serrano mwenyewe. Raundi sita zikapita, majaji wakajumlisha, wakatoa sare. Wapo mpaka leo wanaosema alistahili ushindi. Mimi nasema sare katika pambano la kwanza, ugenini, dhidi ya bondia wa Don King, kwenye usiku ulioandaliwa na Don King, ni matokeo ambayo mabondia wengi wenye mapambano ishirini hawajawahi kuyapata.

Pambano lililofuata lilikuwa la ubingwa. Tarehe 20 Aprili 1995, Las Vegas tena, shirikisho changa la kimataifa la ngumi za wanawake, WIBF, liliandaa usiku wa mapambano ya ubingwa wa wanawake. Serrano alipangiwa Deirdre Gogarty, wa Ireland, kuwania taji la uzani mwepesi. Hebu tazameni wanawake hawa wawili wanavyokutana. Gogarty alikuwa amehamia Louisiana kwa sababu kwao Ireland mwanamke hakupewa leseni. Serrano alikuwa ametoka jiji ambalo mwanamke alikatazwa kwa amri. Wote wawili wamekimbilia ulingo wa watu kutafuta walichonyimwa kwao, na hapo ulingoni wanapaswa kuumizana wao kwa wao. Mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya saba. Serrano akawa bingwa wa dunia.

Kilichofuata kinanikera kila nikikisoma. Machi 1996, katika utangulizi wa pambano la Mike Tyson na Frank Bruno, Gogarty huyohuyo akapangiwa Christy Martin. Damu ikamtiririka Martin puani, akaendelea kupigana, akashinda kwa pointi, na dunia nzima ikaamka. Mwezi uliofuata Martin alikuwa kwenye jalada la Sports Illustrated. Vitabu vingi vya historia ya ngumi za wanawake vinaanzia usiku huo. Sasa fanyeni hesabu ndogo: mwanamke aliyepambana na Martin mpaka sare, na aliyemsimamisha Gogarty miezi kumi na moja kabla, ni yupi? Na jalada lake liko wapi? Simlaumu Martin, alikuwa bondia wa kweli. Nasema tu kwamba bingwa asiye na ulingo nyumbani hana soko, na asiye na soko hapigwi picha.

Hapo tumefika kwenye kiini cha maneno yangu.

Mabondia mtanisaidia kuwaeleza hawa wanasheria. Kabla ya pambano la kulipwa, chumbani, mnafungwa mikono. Bandeji inaanzia kwenye kidole gumba, inazunguka kifundo, inavuka mgongo wa mkono, inapita katikati ya vidole, inarudi, halafu plasta juu yake. Mtu wa kona ya pili amesimama palepale akikodoa macho, asije mwenzake akaficha kitu. Mwisho anakuja ofisa wa kamisheni ya ngumi na kalamu yake, anaangalia, anabonyeza kwa kidole, kisha anatia saini juu ya plasta. Bila saini ile hakuna glavu, na bila glavu hakuna pambano. Unaweza kuwa na nguvu za simba, lakini anayekuruhusu kupigana ni karani mwenye kalamu. Mexico City, karani alikuwa amekatazwa kutia saini mkononi mwa mwanamke.

Marufuku hiyo ilikuwa ya mwishoni mwa miaka ya 1940, zama za Rais Miguel Alemán. Na msidhani kwamba iliwekwa kwa sababu hakuna mwanamke aliyetaka kupigana. Miaka ya 1930 alikuwepo Margarita Montes, mwanamke wa Sinaloa aliyeitwa La Maya, aliyepigana ngumi na kucheza na mafahali pia. Watu walilipa kiingilio kumtazama. Watu hawapigi marufuku kitu kisichokuwepo. Mtu akikuambia mila zetu haziruhusu, muulize ni mwaka gani zilianza kutoruhusu.

Hoja za kuwakataza mnazifahamu hata kabla sijazitaja: afya yao, kizazi chao, heshima yao. Nitawapa mfano wa Uingereza, kwa kuwa uliandikwa mahakamani. Mwaka 1998 Jane Couch, ambaye tayari alikuwa bingwa wa dunia, aliishtaki bodi ya ngumi ya Uingereza kwa kumnyima leseni. Bodi ile, mbele ya baraza lenye watu wazima na akili zao, ilidai kwamba siku zinazotangulia hedhi humfanya mwanamke asitulie, kwa hiyo asipewe leseni ya kupigana. Nyinyi wanaume mnaocheka, je, mmewahi kuona wanaume ishirini waliokwishatulia kabisa kwenye chumba cha kubadilishia nguo? Couch alishinda. Miaka mitano kabla yake, Marekani, msichana wa miaka 16 aitwaye Dallas Malloy alikuwa amekwenda mahakamani katika jimbo la Washington, na chama cha ngumi za ridhaa kikalazimika kufungua mlango kwa wanawake. Tazameni mfululizo huo. Milango ile haikufunguliwa na promota mwenye huruma wala shirikisho lililozinduka usingizini. Kila mahali alihitajika mwanamke mmoja aliyenyimwa, akakubali kuitwa mkorofi.

Mexico City mkorofi alikuwa Laura Serrano, na tofauti yake na wengine ni kwamba hakuhitaji kumtafuta wakili.

Katiba ya Mexico ni ya mwaka 1917. Mwisho wa mwaka 1974, nchi ikijiandaa kupokea mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Mexico City mwaka 1975, ibara ya 4 ilibadilishwa, ikawekwa sentensi fupi kabisa: mwanamume na mwanamke ni sawa mbele ya sheria. Wanasiasa huweka sentensi kama hizo wageni wanapokaribia kuja, kama tunavyopaka chokaa ukuta wa mbele. Lakini sentensi ikishaingia kwenye katiba haiondoki wageni wakiondoka. Ilikaa pale miaka zaidi ya ishirini ikimsubiri mtu wa kuitumia dhidi ya kamisheni ya ngumi. Na ibara ya 5 jirani yake inasema kwamba hakuna mtu atakayezuiwa kufanya kazi anayoichagua maadamu ni halali. Wekeni ibara hizo mbili bega kwa bega. Ngumi za kulipwa ni kazi halali. Mwanamke ni sawa na mwanamume. Mwanamume anapewa leseni. Swali la mtihani wa mwaka wa kwanza, au siyo?

Serrano alitumia njia ambayo Wamexico wanaiita amparo. Ni shauri ambalo raia hulipeleka kwa hakimu akidai kwamba mamlaka fulani imevunja haki yake ya kikatiba. Wameitumia tangu karne ya 19, na nchi nyingi za Amerika ya Kilatini zimeiiga. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo wanasheria mtaifurahia. Kwa kanuni ya Mariano Otero ya mwaka 1847, hukumu ya amparo humlinda aliyeshtaki peke yake. Amri mbovu ikishindwa mahakamani, inashindwa kwa mtu mmoja tu. Jirani yake anayeteswa na amri hiyohiyo itambidi alete shauri lake. Walipunguza makali ya kanuni hiyo mwaka 2011, muda mrefu baada ya haya ninayowasimulia. Linganisheni na katiba yetu ya 2010, ambayo ibara yake ya 22 inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya wengine, na ya 27 inasema waziwazi kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa. Sisi tumepewa panga kali zaidi. Jinsi tunavyolitumia ni mada ya jioni nyingine.

Kwa hiyo Serrano angeweza kupigania leseni yake mwenyewe, akaichukua, akaenda zake. Lakini marufuku ikishatobolewa na mtu mmoja inaanza kuonekana ya kipuuzi, na mwaka 1999 ikaondolewa. Tangu hapo mwanamke yeyote angeweza kupigana Mexico City hadharani, kwa tiketi, na saini ya kamisheni kwenye plasta.

Tazameni na umri wake. Alipochukua ubingwa alikuwa na miaka 27. Marufuku ilipoondoka alikuwa anakaribia 32. Miaka hiyo ya katikati, kwa bondia, ndiyo yenyewe. Ndiyo miaka ambayo mwili unatii. Bondia wa kiume wa Mexico wa rika lake alikuwa anapanda ulingo wa Arena Coliseo, ukumbi uliofunguliwa 1943 katikati ya jiji, anapigana mara tano au sita kwa mwaka mbele ya majirani zake, anajifunza, anapata pesa ya nauli na ya maziwa. Yeye alisubiri kuitwa Marekani. Ndiyo maana rekodi yake ni fupi. Mtu akikuonyesha rekodi fupi ya mwanamke wa kizazi kile, muulize kwanza alikuwa anaruhusiwa kupigana wapi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio mno. Mwaka 2005 WBC, shirikisho ambalo makao yake makuu yako Mexico City hukohuko, lilianza kutoa mikanda ya dunia kwa wanawake, na mmoja wa mabingwa wa mwanzo kabisa alikuwa Jackie Nava wa Tijuana, aliyemshinda Mmarekani Leona Brown Mei mwaka huo. Nava alisomea usanifu wa majengo. Sijui Wamexico wana nini na wasomi wanaopenda kupigwa usoni. Mwaka 2011 Nava alikutana na Ana María Torres, La Guerrera, mwanamke wa Nezahualcóyotl, kitongoji kikubwa cha watu wa kipato cha chini kando ya Mexico City. Aprili walitoka sare. Julai wakarudiana, Torres akashinda. Kama hamjayaona mapambano hayo mawili, yatafuteni. Hakuna anayerudi nyuma. Mnafundishwa kuzungusha miguu, kutoka pembeni, kumpa mwenzako hewa ya kupiga. Wale wawili walikaa pua kwa pua kwa raundi kumi, na kila kengele ilipolia ilibidi mwamuzi aingie katikati. Ilikuwa televisheni ya bure, Jumamosi usiku, familia nzima sebuleni. Miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu marufuku.

Mariana Juárez, anayeitwa La Barbie, yeye ni mwenyeji wa Mexico City. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1998 akiwa na miaka 18, wakati jiji lake mwenyewe lilikuwa bado limemfungia, na akaja kuwa bingwa wa WBC katika uzani wa fly na baadaye bantam. Mabingwa wote hawa walipata kitu ambacho Serrano hakukipata: mpinzani wa nyumbani. Nava alimhitaji Torres. Bingwa hunolewa na mtu anayemjua, anayekaa mwendo wa basi kutoka kwake, anayemsema vibaya redioni. Bila hivyo unabaki kuitwa na watu wa mbali, kwa masharti yao.

Hapo ndipo anapoingia Mercado. Alizaliwa 1998, mwaka ambao Serrano alikuwa bado anagombana na kamisheni. Alipofikia umri wa kuvaa glavu, Mexico ilikuwa na jimu, makocha, televisheni na mikanda ya wanawake. Zarika wetu alikuwa ameuchukua mkanda wake mwaka 2016 kule Flint, Michigan, ugenini kabisa, kutoka kwa Alicia Ashley. Yaani Zarika alipita njia ya Serrano: alisafiri kwenda kuchukua. Mercado alipita njia ya Nava. Aliposhindwa hapa Nairobi alikuwa na mahali pa kurudi, akarekebisha makosa yake, na mwaka mmoja baadaye bingwa akapelekwa kwake, mjini kwake, mbele ya watu wake. Ninapowasikia watu wakisema Zarika alizeeka usiku ule, siwapingi, ila naongeza kwamba alikuwa anapigana na msichana aliyetengenezwa na mchezo mzima wa nchi nzima. Mercado huyo alikwenda Cleveland mwaka 2021 kupambana na Amanda Serrano wa Puerto Rico, akapoteza kwa pointi lakini akasimama raundi zote kumi. Julai 2025 alipigana Madison Square Garden, New York, na Ellie Scotney wa Uingereza kuwania mikanda mitatu kati ya minne mikuu ya uzani wao. Alishindwa tena kwa pointi. Simtaji ili kumcheka. Ninataka mwone ni kumbi gani ambazo mwanamke wa Chihuahua anafika sasa.

Nimetaja jina la Amanda Serrano, na simalizi bila kulirudia, kwa sababu ugomvi wa kalamu bado unaendelea. Raundi ya wanaume ni dakika tatu. Ya wanawake, kwa kanuni za WBC, ni dakika mbili, na mapambano ya ubingwa ni raundi kumi, si kumi na mbili. Oktoba 2023 Amanda Serrano alipigana raundi kumi na mbili za dakika tatu tatu na Danila Ramos wa Brazil, akashinda. Desemba akaurudisha mkanda wake wa WBC kwa kuwa shirikisho hilo halikubali dakika tatu. WBC wanasema wanajali afya, ubongo wa mwanamke na uchovu wake. Mimi sipuuzi hoja ya ubongo hata kidogo. Nimekaa na mabondia wastaafu wa kiume ambao hawakumbuki nilichowaambia dakika tano kabla, na hakuna aliyewahi kuwapunguzia dakika. Lakini pia nimeisoma historia hii, na neno afya likitoka kinywani mwa shirikisho, huwa naomba kwanza nione vipimo.

Najua makocha wengi humu wako upande wa dakika mbili. Mabondia niliozungumza nao pale mlangoni wako upande wa tatu, na mmoja ameniambia anataka tatu na pesa ya tatu. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, maswali tuanze na wao, mawakili wasubiri. Ahsanteni.